Mnalia Msimu Mmoja? Kujeni Nakuru

Mwisho wa Juni 2025, siku ya fainali ya kombe la FKF, nilikuwa nimekaa na beshte yangu mmoja wa Gor Mahia pale base yetu Kaptembwo. Tulikuwa tunafuata matokeo kwa simu yake, bando ikiwa imebaki kidogo sana. Nairobi United, timu ambayo msimu huo ilikuwa bado inacheza daraja la pili, ilimaliza Gor 2-1. Ligi nayo ilikuwa imeshaenda kwa Kenya Police, mara yao ya kwanza kabisa kuwa mabingwa. Kwa hivyo K'Ogalo, mabingwa mara 21, walimaliza msimu mikono mitupu.

Beshte yangu alizima simu, akaiweka mfukoni, akakaa kama mtu amefiwa. Halafu akasema: "Buda, huwezi elewa. Wewe hujawahi kuumwa hivi."

Mimi? Mimi ni shabiki wa Ulinzi Stars. Msee aliniambia mimi sijui uchungu wa kukosa kombe. Nilicheka mpaka mama wa chipo akageuka kuangalia.

Sasa wacha niwape historia, maana naona kwa komenti zenu wengi mnadhani mpira wa Kenya ulianza siku mlipopata simu.

Tuanze na Gor wenyewe, ndio mjue huyo beshte yangu analia na shibe. Gor walichukua ligi 1995. Iliyofuata wakaipata 2013. Hiyo ni miaka 18. Kuna watu walizaliwa, wakasoma, wakapata kitambulisho, na bado hawajaona Gor ikibeba ligi. Na hii ni timu iliyokuwa imeshinda Afrika, si mchezo: 1987 walichukua Kombe la Washindi la CAF mbele ya Espérance ya Tunisia, 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani, wakapita kwa mabao ya ugenini. Mwaka 2012 walikuwa karibu kabisa kumaliza huo ukame, wakaukosa siku ya mwisho ya ligi, Tusker akabeba. Waliovumilia hiyo miaka 18 ndio wana haki ya kuzungumza. Huyu wangu alianza kushabikia Gor wakati inabeba kila mwaka, na 2023 na 2024 alikuwa anatupigia vuvuzela kwa dirisha. Msimu mmoja tu, ameanza kuongea kuhusu kuacha mpira.

AFC Leopards sitawagusa sana kwa sababu nina heshima. Ligi yao ya mwisho ni 1998. Kombe walipata 2017, lile la GOtv Shield, lakini ligi, 1998. Mtu wa Ingwe ukimwambia "msimu bila kombe" anakuuliza, "upi kati ya hizo?"

Lakini nilikuwa nataka tuongee kuhusu nyumbani.

Guka yangu alifanya kazi reli. Nakuru ni mji wa reli, hilo mnajua, ingawa siku hizi watu wanajua zaidi flamingo na foleni ya pale Gilgil. Nilipokuwa mdogo alikuwa na stori moja ambayo alirudia mpaka tukawa tunaimalizia pamoja naye: kwamba ligi ya kwanza ya taifa la Kenya, mwaka 1963, haikuenda Nairobi wala Mombasa. Ilikuja hapa. Nakuru AllStars. Nilidhani ni mambo ya wazee, wale wanaosema zamani ng'ombe walikuwa wanatoa maziwa yenye siagi ndani. Nikaja kuangalia orodha ya mabingwa nikiwa mkubwa, na kweli, jina la kwanza kabisa pale juu ni Nakuru AllStars, 1963. Mwaka wa uhuru, hata bendera haijapandishwa Desemba, mji wetu tayari ni bingwa. Wakarudia 1969.

Angalia hiyo orodha ya miaka ya sitini vizuri. 1963 Nakuru AllStars, 1964 Luo Union, 1965 Feisal ya Mombasa, halafu Abaluhya mara mbili, 1968 Gor, ambao ndio walikuwa wameanzishwa mwaka huohuo, 1969 AllStars tena. Unaona kitu? AllStars na Feisal hazikuwa za kabila. Zilikuwa za mji. Ukiishi Nakuru, ukiwa Mkikuyu, Mluo, Mluhya, Mkalenjin, Mhindi wa duka, hiyo ni timu yako kwa sababu unakunywa maji ya hapa. Guka alikuwa anasema kwa uwanja hukuwa unauliza mwenzako anatoka wapi, ulikuwa unauliza ana njugu ama hana.

Baada ya hapo timu za mji zikapotea kwa orodha kama maji kwa mchanga. Kutoka 1970 kwenda mbele ligi ni ya Abaluhya, Gor, Luo Union, Kenya Breweries, basi. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga: timu ya jamii ina watu wa kuchanga hata wakiwa mbali, hata wakiwa Nairobi ama Kampala. Timu ya kampuni ina mshahara. Timu ya mji ina nani? Ina wewe na mimi, na sisi tukishindwa kulipa kiingilio, imeisha. Na mji kama Nakuru, ambapo kila mtu "anatoka" mahali pengine na kila Desemba anapanda matatu kurudi huko, ni vigumu kuchangisha watu kwa jina la Nakuru. Tunaishi hapa kama wapangaji. Mimi nimezaliwa hapa na bado nikijaza fomu wananiuliza "kwenu ni wapi?"

AllStars ilifufuliwa baadaye, na mwaka 2015 ikarudi ligi kuu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Guka alikuwa bado hai, macho yameanza kukataa, akaniambia nimsomee gazeti kila Jumatatu. Walishuka mwaka huohuo, wao na KCB. Msimu mmoja tu juu baada ya miaka hiyo yote. Nilimsomea ile habari ya kushuka na hakusema kitu, aliniuliza tu kama kuna chai.

Sasa shuka na barabara ya Nairobi kidogo mpaka Naivasha. Kuna timu iliitwa Oserian Fastac, timu ya shamba la maua pale kando ya ziwa. Hawa walibeba ligi 2001 na 2002. Mara mbili mfululizo! Waambie watoto wa siku hizi kwamba timu ya shamba la maua ilikaa juu ya Gor, Leopards na Tusker miaka miwili, watasema umevuta kitu. Lakini ilitokea. Leo Oserian haiko ligi kuu, na ukitaja jina Naivasha vijana wanafikiria mawaridi ya Valentine. Ndivyo timu za kampuni zilivyo: mwenye mfuko akichoka, mashabiki hamuulizwi.

Halafu ndio wakaja wetu. Ulinzi Stars ni timu ya jeshi, iliyoanzishwa 1995 kwa kuleta pamoja wachezaji wa vikosi tofauti. Wakabeba 2003, wakabeba 2004, wakabeba 2005. Mimi nimezaliwa 2003. Kwa hivyo kabla sijajua kufunga kamba za viatu timu yangu ilikuwa na ligi tatu. Ukijumlisha na Oserian, kutoka 2001 mpaka 2005 ligi ya Kenya haikutoka mikononi mwa hizi timu mbili za upande wetu. Najua kuna mtu atakuja hapa kusema jeshi ni la nchi nzima, si la Nakuru. Sawa. Lakini kwa miaka mingi nyumbani kwao kulikuwa Afraha, na waliokaa kwa jua pale Afraha kuwashangilia walikuwa sisi.

Nilienda mara ya kwanza 2010, nikiwa na miaka saba. Anko alinibeba, yeye alikuwa na kibarua upande wa Lanet karibu na kambi, na aliwajua baadhi ya wachezaji kwa sura. Kitu ambacho kilinishangaza ni kwamba hawa ni wanajeshi kweli. Si mfano. Mchezaji wa Ulinzi ameapa, amepitia mafunzo, ana namba. Kwa sababu hiyo Ulinzi haiwezi kuleta straika kutoka Uganda ama Burundi kama wengine. Lazima uwe Mkenya, lazima uwe tayari kuvaa hiyo nguo ingine. Anko aliniambia, "Huyu akikosa penalti anaweza kupelekwa mpakani." Niliamini hiyo kitu kwa miaka kama minne.

Mwaka huo walibeba ligi. Nakumbuka anko akiwa na redio ndogo imeshikwa na mpira wa tairi, akiniinua juu mpaka kichwa changu kikagonga mabati ya kibanda. Bado nina alama. Mwaka uliofuata wakaenda Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa na Zamalek ya Misri. Tulisema haina neno, tutarudi.

Hatujarudi kama mabingwa. 2010 mpaka 2025, hesabu mwenyewe. Mwaka 2016 tulimaliza wa tatu na John Makwata akawa mfungaji bora wa ligi, mabao 15. Mimi niko shule ya msingi wakati huo, nikiandika jina lake nyuma ya vitabu vya hesabu. Halafu akaondoka, kama wanavyoondoka.

Na si Ulinzi peke yake iliyochoka. Ligi nzima ilichoka. SuperSport waliokuwa wanaonyesha mechi walitoka 2017. SportPesa wakaondoa udhamini wao 2019 baada ya ule mvutano wa kodi na serikali. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya mpaka Novemba. Katikati ya hayo yote mtoto wa Rhonda ama Langa Langa anawasha televisheni anaona Arsenal na Man U kila wikendi bila kukosa. Utamlaumu? Hao wa Arsenal nao, kwa njia, wamemaliza wa pili mara tatu mfululizo na wanatuletea kelele hapa mtaani kama wamebeba. Lakini angalau wanajua uwanja wao uko wapi.

Hapo ndipo kunauma. Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilipewa hati ya kuwa jiji, tukapiga picha, tukabadilisha bio zetu. Na Afraha yetu ikafungwa kujengwa upya. Ni ule uwanja uliojaa siasa Aprili 2016 wakati Jubilee walifanya yale maombi makubwa baada ya kesi za Hague. Kwa siasa ulijaa hadi ukutani. Ulinzi sasa wana uwanja wao wa jeshi kule Lang'ata, mzuri, viti safi, nyasi kama zulia. Uko Nairobi.

Kwa hivyo nikitaka kuona timu ya nyumbani, natafuta nauli ya kwenda Nairobi. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, natengeneza video na kuandika hizi posti, kuna mwezi unalipa na kuna mwezi unakula mate. Nauli ya kwenda na kurudi si kitu ya kuchezea. Mathe akisikia nimeitumia kwa mpira wa timu ambayo haijabeba tangu niko darasa la pili, hatapiga kelele. Ataniangalia tu. Mnajua ile kuangalia.

Niliyasema haya yote kwa beshte yangu wa Gor ile jioni, si kwa mpangilio hivi, nilikuwa narukaruka. Alinyamaza. Halafu akauliza swali ambalo limenikaa: "Kwa hivyo mbona hukuhama?"

Nilijaribu. Wacha niwe mkweli. 2019 nilinunua jezi ya Gor pale soko la mitumba, nikaivaa wiki moja. Walikuwa wanabeba, kila mtu mtaani alikuwa nao, ilikuwa rahisi. Lakini walipofunga sikuruka. Niliangalia wengine wakiruka, nikajiona kama mtu ameenda harusi ya watu asiowajua na anakula pilau yao. Ile jezi nilimpa binamu.

Na hii nyingine inachoma, nitaisema polepole: mabingwa wa 2025 ni Kenya Police. Polisi, jameni! Askari wamebeba ligi na wanajeshi tumekaa. Anko hajakubali mpaka leo. Anaita "ile timu ya kitambulisho iko wapi".

Sasa ratiba ya msimu mpya inakaribia kutoka. Jana usiku anko amenitumia ujumbe, hana salamu yule mzee: "Ulinzi wakicheza Lang'ata mechi ya kwanza, tunaenda ama hatuendi?"

Nimemwambia alipe nauli ya kwenda, mimi nitatafuta ya kurudi.