Kuhesabiwa na Kujihesabu

Mtu aliyezoea kutunga mashairi hawezi kuidharau hesabu. Mshororo wa mizani kumi na sita ukipungukiwa na mizani moja, msikilizaji huhisi kasoro hata kama hakukaa kuhesabu. Lakini kuhesabu mizani ni jambo moja, na kuhesabu watu ni jambo jingine. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wazee hawakupenda watoto wao wahesabiwe, na mfugaji aliyeulizwa idadi ya ng'ombe wake alimshuku muulizaji. Wako waliouita woga huo ushirikina mtupu. Sisi twaona ya kwamba ulikuwa na busara yake, kwa kuwa mara nyingi mtu wa kwanza kufika kijijini na kalamu na daftari alikuwa mtoza kodi.

Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza waliowafuata waliendelea na mtindo huo huo. Hesabu za watu zilizofanywa Tanganyika mwaka 1921, 1928 na 1931 zilitegemea sana orodha za kodi na makisio ya machifu na watawala wa wilaya. Basi mwenye kuikimbia kodi aliikimbia na hesabu. Mtaalamu Robert Kuczynski, aliyezichambua takwimu za makoloni ya Waingereza moja baada ya nyingine, alionyesha jinsi nyingi zilivyokuwa za kubahatisha.

Hesabu ya kwanza iliyofuata taratibu za kitaalamu ilikuwa ile ya mwaka 1948, iliyofanywa kwa pamoja katika nchi za Afrika Mashariki. Baada ya hesabu ya jumla, sehemu ya kumi ya watu waliulizwa maswali ya ziada kuhusu umri, uzazi na mambo mengine. Ilionekana ya kwamba Tanganyika ilikuwa na watu zaidi ya milioni 7. Mwaka 1957 walifika karibu milioni 8.8, na mwaka uliofuata Zanzibar ikahesabiwa watu karibu 300,000. Hata hivyo, jambo moja katika hesabu hizo lapasa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa historia. Katika mwaka 1948, na tena mwaka 1957, wasio Waafrika walihesabiwa mwezi wa Februari kwa fomu zao, na Waafrika wakangoja hadi mwezi wa Agosti. Hata mbele ya karani wa sensa watu wa nchi moja hawakusimama mstari mmoja.

Uhuru ulipokuja, haja ya takwimu ilibadilika sura. Mpango wa kwanza wa maendeleo, ulioanza mwaka 1961, ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya taarifa ya ujumbe wa Benki ya Dunia. Mpango wa Miaka Mitano wa mwaka 1964 ulikwenda mbali zaidi: ulikusudia ya kwamba ifikapo mwaka 1980 wastani wa maisha ya Mtanzania, uliokadiriwa kuwa kati ya miaka 35 na 40, ufike miaka 50. Hilo ni lengo la kibinadamu kuliko malengo yote tuyajuayo katika vitabu vya mipango. Lakini nani angeweza kusema kama limefikiwa, katika nchi ambamo wengi walizaliwa na kuzikwa bila kuandikwa popote?

Kwa hiyo sensa ya Agosti 1967 ilikuwa tendo la kujitawala kama lilivyo lolote lile. Bara na Visiwani walihesabiwa pamoja, na watu wa rangi zote kwa wakati mmoja. Walipatikana watu milioni 12.3, zaidi ya walivyotazamia wenye mipango. Na waliozidi walihitaji madarasa, zahanati na maji. Sensa hiyo ndiyo ya mwisho kuwauliza watu kabila lao. Tangu hapo swali hilo limeachwa, na mtaalamu aliyelikosa katika majedwali alisikitika. Sisi hatusikitiki. Taifa changa lina haki ya kuchagua nini lijiulize.

Lakini kuuliza ni rahisi kuliko kuchambua. Bertil Egerö na Roushdi Henin walihariri uchambuzi wa sensa ya 1967, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na ofisi ya takwimu, na kitabu kikatoka mwaka 1973. Majina hayo mawili ni ya wageni, wala si aibu kusema hivyo, maana watakwimu wetu walikuwa bado wachache. Chuo cha mafunzo ya takwimu kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, na mwaka 1969 ikaanzishwa taasisi ya takwimu Makerere kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Msaada wa namna hii twausifu bila kusita, kwa kuwa mwalimu akiondoka elimu hubaki.

Msaada wa kugharamia tafiti ni habari nyingine. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa shughuli za idadi ya watu, ulioanza kazi mwaka 1969, ulizisaidia nchi nyingi za Afrika kufanya sensa katika mwongo uliofuata. Sensa yetu ya 1978, iliyofanywa baada ya mamilioni ya watu kuhamia katika vijiji, ilipata watu milioni 17.5. Kisha ikaja dhiki ya miaka ya 1980, na ofisi za takwimu barani Afrika zikakosa karatasi, mafuta ya magari na mishahara ya kutosha. Wafadhili waliporudi walikuwa na maswali yao. Mwaka 1991 na 1992 ulifanyika utafiti wa afya na uzazi uliogharamiwa na Marekani, na baadaye zikafuata tafiti za UKIMWI na malaria. Zilikuwa tafiti nzuri, na wauguzi wetu wamefaidika nazo. Lakini anayegharamia dodoso huwa na sauti katika maswali yake. Kuandikisha vizazi na vifo, kazi ya kila siku isiyo na sherehe ya kufungua wala kufunga, kulichelewa sana. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mataifa yenyewe yaliliona hilo. Mwaka 1999 uliundwa ushirika uitwao PARIS21, na mwaka 2004 ukapitishwa Marrakech mpango wa kuzitaka nchi ziwe na mkakati wao wa takwimu, ili wafadhili waufuate badala ya kila mmoja kuja na lake. Tanzania iliandaa mpango mkuu wa takwimu, na mwaka 2011 Benki ya Dunia ikaukopesha dola milioni 30. Mkopo hulipwa, kwa hiyo takwimu hizo tulizinunua.

Mabishano juu ya mwenye takwimu ni nani yalifika hata bungeni. Mwaka 2018 sheria ilirekebishwa, ikawa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena. Sisi twaona mtu mwenye hesabu sahihi haogopi hesabu ya jirani yake.

Sensa ya Agosti 2022 ilipata watu 61,741,120. Makarani, na walimu wakiwamo, hawakubeba makaratasi bali vishikwambi, na kazi ilipokwisha vishikwambi hivyo viligawiwa kwa walimu wa shule. Mwaka huo huo ulifanyika utafiti mwingine wa afya na uzazi, kwa msaada wa Marekani kama ilivyokuwa desturi. Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani iliusitisha mradi mzima, katika nchi zote kwa pamoja, na makarani waliokuwa katikati ya kazi katika baadhi ya nchi wakaambiwa waache.