Wagombea urais na mkulima wa Beni-Butembo: kura iliyoombwa kwa amani, kisha ikafungiwa

BUTEMBO – Mwanzoni mwa Desemba 2018, Martin Fayulu alipoanza kuzunguka nchi kutafuta kura za urais, hakuanzia Kisangani wala Lubumbashi. Alianzia Beni, kisha akaja Butembo. Umati ulijaa barabarani, wengine wakiwa wametoka vijijini kwa miguu na kwa pikipiki, ingawa Ebola ilikuwa inaua na waasi wa ADF walikuwa bado wanachinja watu mashambani. Majuma 3 baadaye, watu hao hao waliambiwa kwamba hawatapiga kura ya rais.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa leo, wakati familia nyingi zilizokimbilia Butembo, Beni, Oicha na Lubero zimeshika kadi za mpigakura za vijiji ambavyo hazikai tena.

Amani kwanza

Mgombea urais anayefika kwa wakulima wa eneo hili huleta ahadi tatu: amani, barabara na soko la mazao. Kati ya hizo, amani ndiyo inayobeba nyingine. Bila amani, kakao ya Mbau na ya sekta ya Ruwenzori inaozea shambani kwa sababu mwenyewe anaogopa kwenda kuivuna. Viazi na maharagi ya milima ya Lubero yanakosa lori la kuyafikisha Butembo. Barabara ya Beni kwenda Kasindi, ambayo inatuunganisha na Uganda, inaweza kutengenezwa leo na kufungwa kesho na bunduki.

Joseph Kabila alilifahamu hilo mwaka 2006. Uchaguzi ule ulikuwa wa kwanza wa vyama vingi baada ya zaidi ya miaka 40, na wagombea walikuwa 33. Kabila alijitambulisha kama mtu aliyemaliza vita, tena aliongea Kiswahili, lugha ya mashariki. Mbusa Nyamwisi, aliyeongoza RCD-K/ML wakati wa vita akiwa na makao yake Beni, alikuwa pia mgombea, lakini alijiondoa kabla ya kura na kumuunga mkono Kabila. Katika duru ya pili, Oktoba 29, 2006, Kabila alipata zaidi ya kura 9 kati ya kila 10 katika Kivu ya Kaskazini.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye mabango. Mpinzani wake katika duru ile alikuwa Jean-Pierre Bemba. Mwishoni mwa 2002, wapiganaji wa MLC ya Bemba pamoja na wale wa RCD-N walishambulia eneo la Mambasa, Ituri, wakisukuma kuelekea Beni. Maelfu ya watu walikimbilia Eringeti, Oicha na Beni, wakisimulia mauaji, ubakaji na uporaji. Miaka 4 baadaye, mwanakijiji aliyewapokea wakimbizi wale hakuhitaji kuelezwa amchague nani.

Mwaka 2011 sauti ilibadilika. Barabara zilikuwa bado mbovu na vikundi vya silaha vilikuwa bado porini. Safari hii Mbusa mwenyewe alibaki kwenye kinyang'anyiro hadi mwisho, na Kabila hakupata tena katika jimbo letu ushindi wa namna ya 2006. Kisha, Oktoba 2014, yakaanza mauaji makubwa ya raia katika mji na wilaya ya Beni. Mtu aliyechaguliwa kwa ajili ya amani alikuwa bado madarakani, na watu walikuwa wanazikana kwa makundi.

Desemba 2018

Fayulu hakuwa mtu wa huku. Ni mwenyeji wa upande wa Bandundu, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya mafuta kabla ya kuwa mbunge wa Kinshasa. Kilichomfikisha kwa mkulima wa Bashu au wa Watalinga ni muungano wa Lamuka, neno la Kilingala lenye maana ya “amka”, uliomchagua huko Geneva Novemba 11, 2018. Ndani ya Lamuka alikuwemo Mbusa. Alikuwemo pia Bemba, yule ambaye mwaka 2006 jina lake lilikuwa linatisha hapa. Hilo peke yake linaonyesha jinsi hasira dhidi ya mauaji ilivyokuwa imefunika kumbukumbu za zamani.

Ujumbe wake Beni ulikuwa mmoja: mauaji yakome. Kumfanya mji huu kituo chake cha kwanza kulisema zaidi ya hotuba. Watu waliozoea kuhesabiwa kama takwimu za vifo waliona kwamba mgombea ameanza na wao.

Halafu, Desemba 26, Tume Huru ya Uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba kura katika mji wa Beni, wilaya ya Beni, mji wa Butembo, na Yumbi huko Mai-Ndombe, inaahirishwa hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa zilikuwa Ebola na usalama kwa huku kwetu, na machafuko kwa upande wa Yumbi. Lakini nchi nzima ingepiga kura Desemba 30, na rais mpya angeapishwa Januari. Kwa kura ya rais, kuahirishwa kulikuwa ni kufutwa.

Wakaaji waliuliza jambo jepesi: soko limefunguliwa, makanisa yanajaa, wagombea wameruhusiwa kukusanya maelfu ya watu uwanjani, mbona foleni ya kura ndiyo iwe ya hatari? Wilaya ya Lubero, inayozunguka Butembo, iliruhusiwa kupiga kura. Mkulima wa Musienene aliweza kumchagua rais, lakini mteja wake anayenunua viazi mjini, mwendo mfupi tu kutoka hapo, hakuweza.

Maandamano yalifuata. Kesho yake, Desemba 27, kituo cha kupokea washukiwa wa Ebola mjini Beni kilivamiwa, na kazi ya kupambana na ugonjwa ikayumba. Hasira ya kunyimwa kura ilimwangukia mgonjwa na mhudumu wa afya, watu ambao hawakuamua lolote.

Siku yenyewe ya kura, Desemba 30, raia wa Beni walitoa jibu lingine. Wakisaidiwa na vijana wa vyama vya kiraia, walijipangia kura yao ya ishara: foleni ndefu, maji ya kunawa mikono kwa sababu ya Ebola, karatasi za kawaida badala ya mashine za CENI. Walijua kwamba kura hizo hazitahesabiwa Kinshasa. Walitaka ionekane kwamba Beni inaweza kupanga foleni kwa utulivu na kupiga kura.

Hesabu iliyobaki

Januari 10, 2019, CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa kura 7,051,013. Fayulu alipewa 6,366,732. Tofauti yao ni kura 684,281. Wapigakura walioandikishwa katika maeneo yaliyoachwa nje, Yumbi ikiwemo, walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Si wote wangekwenda kupiga kura, wala hakuna anayeweza kuapa wangemchagua nani. Lakini idadi hiyo inatosha kueleza kwa nini swali halijafa huku. Fayulu alipinga matokeo, Maaskofu wa Kikatoliki walisema matokeo hayaendani na yale waliyokusanya waangalizi wao, Mahakama ya Katiba ikakataa madai hayo, na Tshisekedi akaapishwa Januari 24. Machi 31, Beni na Butembo zilipiga kura hatimaye, lakini ya wabunge tu.

Kwenye uchaguzi wa Desemba 20, 2023, huku kwetu watu walipiga kura ya rais. Mbusa alikuwa sasa waziri katika serikali ya Tshisekedi, akiwa upande wa nne katika chaguzi nne. Waliobaki nje safari hii walikuwa ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru, kwa sababu ya vita vya M23. Baadaye, Juni 2024, Kanyabayonga na Kirumba zilianguka, na kusini ya Lubero ikamwaga watu hadi Butembo na Beni. Wengi wao walipiga kura 2023 katika vijiji ambavyo leo hawawezi hata kuvitembelea.

Kwa kufuata muhula wa miaka 5, kura ijayo ya rais inangojewa mwishoni mwa 2028. Wagombea watarudi na ahadi ya amani, na watapigiwa makofi, kwa sababu hakuna mkulima asiyeitaka amani. Ila miaka hii imeonyesha kwamba mwanakijiji anaweza kusikilizwa uwanjani na bado akakosa jina lake kwenye orodha siku ya kura. Mpigakura hujiandikisha kwenye kituo, na vita huhamisha watu bila kuhamisha kituo.

Kwa hiyo yapo maswali ya kumuuliza mgombea kabla ya kupokea kofia na kitenge chake. Mtu wa Kanyabayonga anayeishi kwa jamaa Butembo ataandikishwa wapi? Kadi iliyoungua pamoja na nyumba Eringeti itabadilishwa na nani, na kwa gharama ya nani? Sheria itasema nini ili eneo lisiondolewe tena kwenye kura ya rais siku 4 kabla ya uchaguzi? Mgombea asiye na jibu anaweza kuwa na nia njema kabisa juu ya amani, lakini familia iliyokimbia itakuwa imempigia makofi tu.