Chester Missing: Kikaragosi aliyeitwa mahakamani

Miongoni mwa wachambuzi wa siasa waliopata umaarufu nchini Afrika Kusini, yupo mmoja asiyekuwa na sauti yake mwenyewe. Jina lake ni Chester Missing, nacho ni kikaragosi.

Chester alijulikana kupitia Late Nite News, kipindi cha vichekesho kilichoanza mwaka 2010 katika televisheni ya e.tv kikiongozwa na mchekeshaji Loyiso Gola. Kwa kuwa kituo hicho hakitozi ada, familia ya Kensington, mashariki mwa Johannesburg, na ile ya Soweto zilicheka mzaha mmoja. Kazi ya Chester ilikuwa kuwahoji wanasiasa kwa maswali ambayo mwandishi wa kawaida angesita kuyauliza.

Mwezi Disemba mwaka 2012 alikwenda Mangaung, kwenye mkutano mkuu wa chama tawala cha ANC uliomchagua tena Jacob Zuma kuwa kiongozi wa chama. Wajumbe walisimama wakajibizana naye. Mtu mzima akijibu kikaragosi kwa hasira huonekana kichekesho yeye mwenyewe, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya Chester.

Anayempa sauti ni Conrad Koch, mzungu aliyesomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, mwenye ufundi wa kusema bila kuchezesha midomo. Ngozi ya Chester si nyeupe. Wakosoaji wakauliza: je, ni halali mzungu kusema kwa kinywa cha mtu mweusi, katika nchi yenye historia kama ile? Swali hilo ni zito, na halikuisha kwa kicheko. Koch mara nyingi alimwachia kikaragosi amsute yeye bwana wake kwa upendeleo anaoupata kwa rangi yake.

Wasomaji wa Kenya watakumbuka XYZ Show, iliyoanza mwaka 2009 chini ya mchoraji katuni Mtanzania, Gado. Lakini vikaragosi vya XYZ viliigiza sura za viongozi halisi. Chester hakufanana na kiongozi yeyote. Yeye alikuwa muulizaji.

Kisa kilichomvusha mipaka kilitokea mwaka 2014. Mwezi Oktoba, mwimbaji Steve Hofmeyr aliandika katika Twitter kwamba weusi ndio waliobuni ubaguzi wa rangi. Koch, kwa jina la Chester, akawataka wafadhili wa mwimbaji huyo wajitenge naye. Hofmeyr akaenda mahakamani akapata amri ya muda dhidi ya Koch, na dhidi ya Chester pia, chini ya sheria ya kuwalinda watu na usumbufu.

Hivyo sheria iliyotungwa kumlinda binadamu na binadamu mwenziwe ikaelekezwa kwa kitu kisicho na uhai. Wengi walicheka, lakini kwa Koch lilikuwa jambo la kufungwa mdomo. Tarehe 27 Novemba, Mahakama ya Hakimu ya Randburg iliiondoa amri hiyo.

Kipindi kiliteuliwa kuwania tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2013 na 2014. Miongoni mwa waliokifanyia kazi ni David Kibuuka, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alijiunga na waandishi wa The Daily Show ya Trevor Noah nchini Marekani. Late Nite News ilimalizika mwaka 2015; Koch na Chester wakaendelea pamoja jukwaani.