Kubadilishana Kadi za Wachezaji Mtandaoni: Mwongozo wa Msee Anaanza, Kutoka Kalamba

Kama umewahi kuwa hapa Kalamba msimu wa maembe, unajua broka. Anaingia shambani na lori, anaangalia mti, anakutajia bei. Kama hujui embe inaenda pesa ngapi Nairobi, utachukua hiyo doo na useme asante. Kadi za wachezaji ziko vile vile. Tofauti ni kwamba broka wa kadi hana lori. Ako na picha ya Messi kwa profaili na anakuambia, "Niamini tu, buda."

Mimi niliamini. Nilikuwa nimetoka koleji kabla nimalize, niko home na wakati mob. Nilikuwa na kadi ya Victor Wanyama akiwa na jezi ya Tottenham, ya bro yangu mkubwa. Aliniachia akienda Qatar kutafuta kazi. Msee mmoja kwa grupu akaniahidi kadi tatu za kung'aa nikimpea hiyo moja. Nikatuma kwanza na mathree. Akachukua kifurushi, akaniblock. Sasa soma hii polepole, usipigwe kama mimi.

Anza kwa kujua unashika nini

Kuna vitu mbili watu huchanganya. Stika ni za kubandika kwa albamu. Panini, kampuni ya Italia iliyoanza Modena mwaka wa 1961, ndiyo ilifanya zijulikane dunia nzima kuanzia albamu ya Kombe la Dunia la Mexico 1970. Kadi nazo ni za karatasi ngumu. Hazibandikwi, unaziweka ama unacheza nazo. Match Attax ni ya Topps, Adrenalyn XL ni ya Panini. Kadi za Ligi Kuu ya Uingereza zilikuwa za Topps mpaka 2019, Panini ikachukua. Kwa hivyo mtu akikuuzia Match Attax ya Ligi Kuu ya msimu wa 2020/21, uliza maswali.

Kwa Mkenya, Wanyama ndiye wa kutafuta. Alitoka Celtic akaenda Southampton 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, kisha Tottenham 2016. Topps ilimweka kwa Match Attax katika timu hizo mbili za Uingereza. Wengine humtafuta Divock Origi. Alichezea Ubelgiji, lakini babake Mike Okoth alichezea Harambee Stars, kwa hivyo huku tunamhesabu wetu. Kadi kama hizi si ghali sana huko nje. Huku zinabeba maana kuliko bei, na hapo ndipo broka anakupatia: anajua unaitaka na roho.

Jua bei kabla ya kujibu mtu

Utasikia stori za Mickey Mantle, kadi ya Topps ya 1952 iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka wa 2022. Hiyo ni ya kwake. Kadi nyingi za kawaida, zile zinatoka kila paketi, ni za bei ya chai na ndazi.

Usiangalie bei mtu anaitisha. Angalia bei kadi imeuzwa. Kwa eBay kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyouzwa tayari. Tafuta kadi ile ile, mwaka ule ule, seti ile ile, namba ile ile ya nyuma. Angalia mauzo matano ama sita, usishike moja tu. Mtu anaweza kuitisha elfu kumi kwa kadi inauzwa mia mbili, na hakuna sheria inamkataza kuota.

Vitu vinne ndivyo hupandisha bei: mchezaji ni nani, kadi zilichapishwa ngapi, kama ni ya ruki (yaani za msimu wake wa kwanza kwenye kadi), na hali yake. Kadi ikiwa na namba kama 07/50, maanake zilitoka 50 pekee na hiyo ni ya saba. Ukiona hivyo usikimbie kubadilishana. Tulia, tafuta kwanza.

Hali ya kadi: fikiria embe

Ukipeleka maembe kwa kiwanda cha hapa Kalamba, yenye imegongwa na yenye iko safi hazikai kreti moja. Kadi pia. Kampuni kama PSA ya Marekani hupima kadi na kuipa gredi kutoka 1 hadi 10, na huangalia vitu vinne: kona, kingo, uso wa kadi, na kama picha imekaa katikati. Wewe huhitaji kutuma kadi yako Marekani. Jifunze tu kuangalia hivyo vinne chini ya mwanga wa dirisha.

Kisha sema ukweli. Kona ikiwa imekunjika, piga picha hiyo kona. Mtu akigundua mwenyewe baada ya kupokea, umeharibu jina lako kwa sababu ya kadi ya soo moja.

Na huku kwetu jua si mchezo. Usiweke kadi juu ya kabati chini ya mabati, zitajipinda. Usifunge na raba bendi. Ziweke kwa slivu, ile plastiki laini ya saizi ya kadi, kisha kwa boksi ya viatu mahali pa baridi na pakavu. Yenye unaipenda sana iongezee toploda, ile plastiki ngumu.

Kupata mtu wa kubadilishana naye

Ingia kwa magrupu ya wakusanyaji, lakini wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Soma tu. Utaona nani anasifiwa, nani analalamikiwa. Andika orodha mbili: zenye uko nazo za kutoa na zenye unatafuta. Anza na zile zimejirudia kwako, zenye zikipotea hutalia.

Kabla ya kukubali:

- Mwambie akutajie watu watatu aliobadilishana nao, na uwaandikie wewe mwenyewe. Usitosheke na skrinshoti zake.
- Mwambie apige picha ya kadi ikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Picha ya kuiba mtandaoni haiwezi kuwa na jina lako.
- Mwombe picha ya mbele na ya nyuma. Linganisha rangi, maandishi na unene na kadi nyingine ya seti hiyo.
- Akikuharakisha, ati kuna msee mwingine anangoja, mwambie ampee huyo mwingine.

Nani anatuma kwanza?

Hapa ndipo nilikanyaga waya. Desturi ya wakusanyaji wengi ni kwamba mgeni hutuma kwanza, mwenye jina hutuma baadaye. Ni sawa, lakini tu kama huyo mwenye jina ameulizwa na amethibitishwa. Kama nyote ni wageni, tumeni siku moja na mtumiane picha za risiti. Kama ni kadi ya maana, tafuteni mtu wa katikati mnayemjua wote, apokee zote mbili kisha agawe. Na kama mko Kenya, kutaneni. Wa Kitui na wa Makueni wanaweza kuonana Machakos mchana, mahali pa watu wengi, kila mtu aangalie kadi kwa mikono yake.

Kadi yenye huwezi kuirudisha ikipotea, usiitume. Kwisha.

Kupaki na kutuma

Kadi ndani ya slivu, slivu ndani ya toploda, kisha katikati ya vipande viwili vya katoni. Funga na selotepu kwa katoni, isiguse plastiki ya kadi. Andika "Usikunje."

Ndani ya nchi, vifurushi vya mathree na basi ni haraka. Za Kitui na Makueni huingia Nairobi, nyingi pale Machakos Airport, na hakuna ndege. Chukua risiti na namba ya gari. Kama mnatumia Posta, tuma kwa rejista upate namba ya kufuatilia.

Kutoka nje utahitaji anwani ya Posta. Makueni ni 90300, Kitui ni 90200. Kama hauna sanduku, omba ruhusa ya kutumia la shule ama kanisa, ama ujisajili na MPost, huduma inayogeuza namba ya simu kuwa anwani. Piga hesabu ya nauli kabla, na ukumbuke forodha wanaweza kukudai ushuru pamoja na VAT ya asilimia 16. Kadi ya dola 3 inaweza kukufikia ikiwa bei ya mbuzi mdogo.

Doo ikiingia katikati

Wakati mwingine kadi hazilingani na mtu anaongeza pesa. Kwa M-Pesa, jina hutokea kabla ya kumaliza kutuma. Lisome. Kama si jina alilokupa, simama. Ile ya kutuma ujumbe kwa 456 ni ya ukikosea namba. Haikusaidii ukiwa umelipa mtu kwa hiari yako na akahepa. Kwa PayPal, lipa kama ununuzi, usilipe kama pesa ya rafiki, kwa sababu ya rafiki haina ulinzi wa mnunuzi. Ukiwa na malalamiko una siku 180 kutoka siku ya kulipa.

Andika kila kitu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua kitabu cha finje, andika tarehe, jina, namba ya simu, kadi iliyotoka, kadi iliyoingia. Usifute chat. Ukipigwa, hivyo ndivyo vitu utapeleka kituo cha polisi uandikishe OB, na ndivyo utaonyesha grupu ili mwingine asiingizwe box. Mimi sikuwa na chochote. Nilikuwa nimefuta chat kwa hasira.

Siku hizi nina jina kidogo. Nimebadilishana na watu wa Mwingi, Kibwezi na hata Mombasa, na hakuna amelia. Bado natafuta Wanyama wa Tottenham. Bro akipiga simu huuliza kama kadi zake ziko salama, na mimi humwambia ziko kwa boksi. Nikiipata nitamwambia ukweli. Kama uko nayo na imejirudia kwako, nitakutumia picha yenye jina lako na tarehe, na nitatuma kwanza.