Kwale Hailipwi Kila Mwezi

Ukitaka kujua bima ya afya ya Pwani ya kusini inavyofanya kazi, usianzie makao makuu Nairobi. Anzia kwenye simu yako. Kuna kundi la WhatsApp limefunguliwa jana usiku, linaitwa "Bili ya Mzee", na umeingizwa bila kuulizwa. Mweka hazina anaandika orodha upya kila pesa ikiingia: huyu 500, huyu 200, huyu "Ijumaa inshallah". Bili ikilipwa, kundi linakufa. Mzee akifariki, linabadilishwa jina tu, linakuwa la matanga.

Hiyo ni bima. Haina wenye hisa, haitafuti faida, na mweka hazina akila pesa anajulikana mpaka kwa bibi yake. Ila ina kasoro moja kubwa: inaanza kukusanya mtu akiwa tayari kitandani. Bima ya serikali hukusanya mapema, lakini kwa karibu miaka 60 imekuja Kwale na sharti lile lile, kwamba uwe mtu wa mwisho wa mwezi.

Kabla ya uhuru, Wazungu wa Kenya walikuwa na mfuko wao wa hospitali. Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali ya Kenyatta ilifuta ada za wagonjwa wa nje katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata, 1966, Bunge likaunda NHIF. Aliyelazimika kujiunga ni mwenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, na alikatwa shilingi 20. Sasa fikiria Kwale ya miaka hiyo. Mwajiri mkubwa alikuwa kiwanda cha sukari cha Ramisi, kilichokuwepo tangu miaka ya 1920. Mkata miwa wa Ramisi hakuifikia hiyo 1,000 hata kwa ndoto. Mvuvi wa Vanga na mgema wa Matuga hata mwajiri hawakuwa naye. Mwaka 1972 mlango wa hiari ulifunguliwa kwa wasio na ajira rasmi, lakini bado ilibidi ulipe kwa kawaida ya mwezi, na ulipwe tu ukilazwa wodini. Homa ya malaria ya mtoto, ile inayokuamsha saa nane usiku, haikuhesabiwa. NHIF ilianza kugharamia wagonjwa wa nje kwa upana mwaka 2015, karibu nusu karne baadaye.

Hapo katikati kuna miaka miwili ambayo kila mtu wa Kwale anafaa kuijua. Mwaka 1988 Ramisi ilifungwa. Wafanyakazi wakarudi nyumbani, maduka yakalala, miwa ikabaki kuwa msitu. Kisha Desemba 1989, chini ya shinikizo la wakopeshaji wa kimataifa, serikali ikarudisha ada hospitalini. Ikaiita kuchangia gharama. Matokeo yalionekana haraka kote nchini: katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa Nairobi, watafiti walikuta idadi ya wanaume wanaokuja imeshuka kwa zaidi ya nusu. Ada ya wagonjwa wa nje ikasimamishwa 1990, kisha ikarudishwa polepole kwa sura nyingine. Kwa hiyo familia iliyopoteza mshahara wa Ramisi ilikutana na dirisha la kulipia Msambweni mwaka uliofuata.

Wakati huo huo Diani ilikuwa inajaa hoteli, na wengi wakadhani hapo ndipo mshahara wa mwezi utapatikana. Ulipatikana, kwa msimu. Mvua ya Aprili ikianza, wageni wanapungua, na wa kibarua ndio wa kwanza kuambiwa wakae nyumbani. Juu ya hayo kuna misimu isiyo kwenye kalenda. Agosti 1997 vurugu za Likoni zilifukuza watalii. Mei 2014 Uingereza ilionya raia wake kuhusu Mombasa na ndege zikawarudisha kwao. Machi 2020 korona ikafunga kila kitu. Kila mara kadi ya NHIF iliyokuwa inalipwa na hoteli ilimwangukia mhudumu mwenyewe: lipa kila mwezi kutoka mfukoni, ukichelewa kuna faini. Yaani bima inakukimbia siku ile ile unayoihitaji.

Walijaribu kurekebisha. Mwaka 2004 Waziri wa Afya Charity Ngilu alipitisha Bungeni mswada wa bima ya afya ya jamii kwa Wakenya wote. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Juni 2013 ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa, na kujifungua kukawa bure katika hospitali za umma. Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, SHA ikaanza. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75. Asiyeajiriwa anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, anapangiwa kiwango kisichopungua 300 kwa mwezi, lakini anatakiwa kukilipa chote cha mwaka kwa mpigo. Hiyo ni 3,600 kwenda juu. Na miezi miwili baada ya SHA kuanza, Desemba 2024, mgodi wa Base Titanium, mwajiri mkubwa wa Kwale baada ya Ramisi, ulimaliza kuchimba. Ni 1988 na 1989 tena, safari hii kwa simu janja.

Ng'ambo ya Lunga Lunga, ambako Wadigo ni wale wale na mashemeji ni wale wale, Tanzania ilijaribu njia nyingine. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga, Tabora, ilianza Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 ukapata sheria yake. Kaya ililipa mara moja kwa mwaka, mfuko ukakaa wilayani, na kila shilingi ya wananchi serikali iliongeza nyingine. Wakaiita tele kwa tele. Haikuwa peponi. Watu wengi hawakujiunga, na waliojiunga wakikuta zahanati haina dawa hawakurudi mwaka wa pili. Pia mfuko wa wilaya moja ni mdogo. Mgonjwa mmoja wa figo anaweza kuutikisa. Ndiyo maana baadaye ilibidi uunganishwe na mifuko mikubwa. Lakini angalau ulikubali jambo moja: mkulima anapata pesa akivuna.

Nasi tuna mavuno yetu. Kaskazi ikivuma, ngalawa zinatoka Gazi na Msambweni, mama karanga wana mafuta jikoni, Diani ina wageni wa Desemba. Kusi ikiingia, bahari inachafuka na mvuvi anakopa kwa tajiri. Kumdai mtu huyo 3,600 mwezi wa Juni ni kumtuma akakope. Na kweli, jibu la serikali, Lipa SHA Pole Pole, ni mkopo: unakopeshwa mchango wa mwaka, unarudisha kidogo kidogo. Kwa Kwale yenye Waislamu wengi, swali la kwanza litakuwa kama kuna riba. Ajabu ni kwamba takafuli, bima ya kuchangiana isiyo na riba, inauzwa Kenya tangu 2011, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza kama wazo lake lingefaa hapa.

Hatuhitaji kuanzisha kampuni mpya. Vyama vya akina mama na vikundi vya wavuvi vinajua nani ana pesa lini. Vikusanye kaskazi, vilipe SHA kwa jina la kaya zao, na kaunti iongeze kwa wale ambao msimu umewatupa. Bajeti ya kaunti hupitishwa ifikapo Juni, baada ya mikutano ya maoni ambayo vijana wengi hatuhudhurii. Gharama ya kwenda ni nauli ya bodaboda, pungufu ya ile 200 uliyotuma jana kwenye "Bili ya Mzee".