Kibali cha Kutoka Kwenu, Siyo cha Kuingia Kwao



Wasikilizaji kadhaa mmetuuliza juu ya boti. Boti ikitoka nchi moja na kuingia maji ya nchi nyingine, nani anatoa kibali? Jibu la haraka ni kwamba anatoa mwenye maji, kama vile mwenye nyumba ndiye anayesema karibu mtu akipiga hodi. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini leo nakupeleka mbali, kwenye bahari iliyo kati ya Marekani na Kuba. Huko, tangu mwaka 1996, kuna kibali kinachotolewa na serikali ya nchi boti inakotoka. Mmarekani mwenye boti hawezi kuelekea maji ya Kuba mpaka serikali yake mwenyewe imwandikie ruhusa. Wewe unayeomba kibali ili utoke kambini kumwona ndugu yako hospitali ya mjini huhitaji kuelezwa sana maana ya karatasi ya namna hiyo.

Tuanze na umbali. Kutoka Key West, kisiwa cha jimbo la Florida, mpaka Kuba ni kama kilomita 145. Ziwa Tanganyika, mahali lilipo pana kabisa, ni kilomita kama 70. Kwa hiyo ni safari ya mara mbili ya hiyo, tena katika bahari yenye mkondo mkali. Boti nzuri yenye injini inafika kwa siku moja. Chelezo cha mbao na mipira ya matairi ni habari nyingine.

Baada ya mapinduzi ya Fidel Castro mwaka 1959, Wakuba wengi walikimbilia Florida. Mwaka 1965 Castro alifungua bandari ndogo ya Camarioca, akasema wenye ndugu Marekani waje wawachukue. Boti zikaenda. Watu karibu 3,000 wakaondoka kwa njia hiyo, kabla serikali mbili hazijakubaliana kutumia ndege. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria iliyowapa Wakuba njia rahisi ya kupata ukaazi. Wahaiti waliokuwa wakifika kwenye pwani ile ile hawakutungiwa sheria kama hiyo. Nalisema hili kwa sababu tukisikia habari za Marekani hapa kambini tunadhani mkimbizi ni mkimbizi tu. Hata huko, nchi uliyotoka ilikuwa na uzito kwenye mizani.

Sasa njoo mwaka 1980, maana ndipo penyewe. Mwezi wa Aprili watu kama 10,000 walijaza uwanja wa ubalozi wa Peru mjini Havana wakitaka kuondoka nchini. Castro akafungua bandari ya Mariel. Habari zikafika Miami, na Wakuba wa huko wakaanza kukodi kila chombo kinachoelea: boti za kuvulia kamba, boti za kutembelea siku za mapumziko, vyovyote. Mtu alikwenda na orodha mkononi: mama, kaka, mke, watoto. Akifika Mariel anangoja siku, pengine wiki. Halafu maofisa wa Kuba wanamwambia, hao wako utawapata, lakini kwanza pakia na hawa. Katika hao wengine walikuwemo watu waliotolewa magerezani na hospitali za wagonjwa wa akili. Wapo waliorudi Florida na boti imejaa wageni, mama yao hayumo.

Rais Jimmy Carter mwanzoni alisema Marekani itawapokea kwa moyo mweupe. Siku chache baadaye, katikati ya Mei, akaamuru safari zisimame. Manahodha wakatishiwa faini ya dola 1,000 kwa kila mtu aliyeletwa bila viza, na boti nyingi zikakamatwa. Hazikusimama mara moja. Tarehe 17 Mei boti iitwayo Olo Yumi, iliyopakiwa kupita kiasi, ilizama na watu 14 wakafa. Mpaka njia ya Mariel inafungwa mwaka huo, watu kama 125,000 walikuwa wamevuka.

Ukitaka kukielewa kibali cha 1996, kumbuka Mariel. Serikali ya Marekani ilijifunza pale kwamba boti za raia wake zinaweza kufungua mpaka ambao yenyewe haijaufungua. Aliyewasha injini hakuwa jeshi wala adui. Alikuwa mtu aliyemkumbuka mama yake.

Mwaka 1994 mambo yakarudi kwa sura nyingine. Uchumi wa Kuba ulikuwa umeanguka baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, Havana kukawa na ghasia mwezi wa Agosti, na Castro akasema hatazuia tena wanaoondoka. Safari hii watu walijitosa wenyewe kwa vyelezo. Zaidi ya 30,000 waliokotwa baharini, na wengi wakapelekwa kwenye kambi ya jeshi la Marekani ya Guantánamo, wakakaa humo kwenye mahema. Baadaye serikali mbili zikakubaliana: Marekani itoe nafasi zisizopungua 20,000 kila mwaka kwa Wakuba wanaotaka kuhamia huko, na kuanzia Mei 1995 wanaokamatwa baharini warudishwe Kuba. Aliyekanyaga nchi kavu alibaki. Aliyekamatwa maji yakiwa magotini alirudishwa. Utaratibu huo ulidumu mpaka Januari 2017.

Huko Miami kilikuwepo chama cha marubani wa kujitolea, Brothers to the Rescue, kilichoanzishwa mwaka 1991. Waliruka juu ya bahari wakitafuta watu wa vyelezo. Vyelezo vilipopungua, wakaanza pia kudondosha karatasi za siasa juu ya Havana. Kuba ikaonya. Tarehe 24 Februari 1996 ndege ya kivita ya Kuba ikatungua ndege zao ndogo mbili, watu wanne wakafa. Uchunguzi wa shirika la kimataifa la usafiri wa anga ulisema ndege hizo zilipigwa zikiwa nje ya anga ya Kuba.

Miami ikawaka hasira. Ukapangwa msafara wa boti na ndege kwenda kuwaombea marehemu karibu na mahali walipouawa. Washington ikaogopa: boti moja ikivuka mstari, ikipigwa, kitafuata nini? Tarehe 1 Machi Rais Bill Clinton akatangaza hali ya dharura ya kitaifa. Walinzi wa Pwani wakapewa mamlaka ya kusimamisha, kukagua na kukamata vyombo. Boti ndogo za watu binafsi, za chini ya mita 50, zilizotoka Florida zikielekea maji ya Kuba, yaani maili 12 za baharini kutoka ufuko wake, zikatakiwa kuwa na kibali kwanza. Adhabu haikuwa ya mchezo: kifungo mpaka miaka 10, faini, na boti yenyewe kuchukuliwa.

Mwaka huo huo wa 1996, watu wa Uvira na Fizi walikuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kuja Kigoma. Wengi wenu mlikuwemo, au wazazi wenu. Hakuna aliyewauliza fomu kabla ya kupanda boti.

Angalia sasa safari ya karatasi hii. Ilizaliwa katika wiki moja ya msiba. Dharura ya aina hiyo, kwa sheria ya Marekani, hufa baada ya mwaka mmoja rais asipoihuisha. Kila mwaka ikahuishwa. Mwaka 2004 Rais George W. Bush akaitoa Florida na kuieneza nchi nzima, na sababu ikawa nyingine: kuinyima pesa serikali ya Kuba. Ombi la kibali likahitaji leseni ya Wizara ya Biashara pia, kwa kuwa boti inayokwenda Kuba huhesabiwa kama mali inayosafirishwa nje hata kama inarudi kesho yake, na leseni ya Wizara ya Fedha kwa matumizi ya huko. Mwaka 2016 Rais Barack Obama, aliyekuwa amepatana na Kuba na kulegeza masharti mengi, aliiacha dharura iendelee. Sababu yake ilikuwa kwamba boti zinazoingia bila ruhusa zinaweza kuleta wimbi la wahamiaji. Mwaka 2018 Rais Donald Trump akaihuisha akitaja wimbi hilo hilo, na mwaka 2019 serikali yake ikazifungia kabisa meli za watalii na boti za starehe.

Marais wanne, vyama viwili, sababu zinabadilika, fomu inabaki. Mimi naona sababu ya Obama ndiyo iliyokuwa kweli tangu mwanzo, hata pale 1996 walipozungumzia usalama wa raia. Usalama ulikuwepo, sikatai; watu wanne walikuwa wamekufa. Lakini nyuma yake ilisimama Mariel.

Julai 2021 maandamano makubwa yalitokea Kuba, chakula na dawa vikiwa haba. Huko Miami baadhi ya watu wakaanza kukusanya vyakula na dawa, wakitaka kuvipeleka kwa boti zao. Serikali ikawakumbusha: bila kibali, adhabu ya pesa inaweza kufika dola 25,000 kwa siku, na kifungo miaka 10. Ikawaambia pia Wakuba wasijaribu kuvuka.

Basi kwa aliyeuliza swali: ndiyo, mwenye maji hutoa kibali, na Kuba nayo ina ruhusa yake ya kuomba kabla ya kutia nanga. Ila mwenye boti wa Florida anapiga hodi mara mbili, na mlango wa kwanza ni wa nyumba anayolala.

Wiki ijayo tutarudi kwenye ziwa letu. Mwenye kumbukumbu ya kuvuka mwaka 1996 au 2015 aje studio siku ya kurekodi, au atupe karatasi kwenye sanduku la maswali. Jina unaweza kuliacha.