Orodha ya Vilivyomo Ndani

Tarehe 15 Agosti 2017, toleo la 5.33 la CCleaner liliwekwa mtandaoni. Waliozoea saiba za Kenya wanaijua hii programu: kompyuta ikianza kujikokota, mhudumu anaifungua, anabonyeza kitufe, takataka zinafagiliwa. Toleo hilo lilikuwa na sahihi halali ya kidijitali ya Piriform, kampuni ya Uingereza iliyonunuliwa na Avast mwezi Julai tu. Ndani yake kulikuwa na virusi. Wadukuzi walikuwa wameingia Piriform tangu Machi, na siri ilipofichuka tarehe 18 Septemba, kompyuta kama milioni 2.27 zilikuwa zimepokea toleo hilo.

Sasa hebu tuangalie virusi hivyo viliiba nini kwanza. Si nywila, si pesa. Vilituma jina la kompyuta, orodha ya programu zilizowekwa, na zile zilizokuwa zikifanya kazi wakati huo. Katika mamilioni hayo, wadukuzi wakachagua kompyuta 40 hivi za kampuni kubwa za teknolojia, wakazitumia shambulio la pili.

Orodha kama hiyo, watu walikuwa wakiitoa kwa hiari yao miaka mingi kabla ya hapo. Secunia ya Denmark ilikuwa ikigawa bure programu iitwayo PSI. Ilipekua kompyuta yako, ikapeleka taarifa kwenye seva zake, ikakwambia ni programu gani zimepitwa na wakati. Nia ilikuwa njema, maanake wezi walipenda kupitia Flash na Java zilizozeeka. Lakini mwenye orodha ya programu zako zilizozeeka anajua pia kufuli zako zilizolegea. Na kampuni huuzwa. Secunia ilinunuliwa na Flexera mwaka 2015, PSI ikazimwa 2018.

Avast nayo? Januari 2020 waandishi wa habari walifichua kwamba kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa ikiuza historia ya tovuti ambazo wateja walitembelea. Jumpshot ikafungwa. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5. Hao ni watu waliokuwa wakiuza ulinzi.

Turudi saiba. Hapo ndipo watu wanajaza fomu za HELB, wanafungua eCitizen, wanawasilisha ushuru wa KRA. Mwenye saiba akiweka kikagua-masasisho cha bure, anakubali masharti kwa niaba ya kila atakayeketi kwenye kiti kile. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamdai mtu ridhaa ya hiari na inayoeleweka, lakini mteja hajui hata kama kuna kitu cha kuridhia.

Kusasisha ni lazima, hilo halina ubishi. Lakini kama mtengenezaji mwenyewe alipenywa, basi kila mkono wa tatu tunaouongeza katikati ni mlango mwingine wa kulinda. Windows inajisasisha yenyewe, Chrome pia. Programu isiyotumika dawa yake ni kuiondoa kabisa, na hapo hakuna atakayehitaji kuikagua.